Usiogope karai, ogopa kachumbari

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki, hasa na akina mama wenye watoto wadogo, ni hili: "Daktari, kwa hiyo tuache kabisa kula vya nje?" Anayeuliza huwa ameharisha siku mbili, au mwanawe ametapika usiku kucha, na nyumbani ameshaambiwa kwamba chanzo ni chipsi za barabarani. Anategemea nimwambie ndiyo, aache. Ninapomjibu hapana, hunitazama kama mtu anayedhani sikulisikia swali.

Leo nalijibu swali hilo kwa kirefu, maana najua wanaoniuliza ni wachache kuliko wanaojiuliza kimyakimya.

Kwanza tuseme ukweli. Watu wetu wanakula nje na wataendelea kula nje. Mtu anayetoka Mbagala alfajiri kwenda Kariakoo kutafuta riziki hawezi kurudi nyumbani mchana kula ugali wake. Mwanafunzi anayetoka nyumbani na shilingi mia tano mfukoni atanunua kitu getini, utake usitake. Tena mbali na shida, kuna raha. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa chakula. Nikifika Coco Beach siondoki bila mihogo na pilipili yake. Nikivuka kwenda Unguja, jioni utanikuta Forodhani, au nimekaa kwenye benchi na bakuli la urojo, bhajia zake, kachori, viazi na chatne ya nazi. Napenda kitumbua cha asubuhi ambacho bado kinachoma vidole. Hata supu ya pweza nakunywa, ile ambayo wanaume wanaisifu kwa sababu wanazozijua wao.

Daktari anayekuambia uache vyote hivyo anakupa ushauri ambao hutaufuata. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba unakufanya uogope kisicho na hatari, huku chenye hatari kikipita mbele ya macho yako na kuingia kwenye sahani.

Moto ni rafiki yako

Vimelea vingi vinavyotuharisha havivumilii moto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi sehemu ya ndani kabisa ifikie nyuzi joto 70. Mafuta ya karai la chipsi hufika nyuzi joto 160 na zaidi. Hakuna bakteria wa kipindupindu wala wa taifodi anayetoka hai humo. Chipsi mayai iliyoshushwa jikoni sasa hivi, yai likiwa limeganda vizuri, ni salama kuliko saladi iliyokaa tangu mchana kwenye meza ya hoteli yenye vitambaa vyeupe.

Sasa tazama kinachofuata baada ya chipsi kutoka motoni. Muuzaji anachota kachumbari kutoka kwenye bakuli. Imekatwa saa nne asubuhi, na sasa ni saa moja jioni. Nyanya na vitunguu vimeoshwa kwa maji ya ndoo moja, yale yale yaliyoosha visu na sahani. Anamwagia juu nyanya ya chupa iliyoongezewa maji ili itoshe wateja wote. Mkono unaoshika kachumbari ndio uliopokea noti yako na kukurudishia chenji. Chakula kilichokuwa salama dakika moja iliyopita sasa kimebeba maji usiyoyajua na mikono usiyoijua.

Hali ni hiyo hiyo kwingine. Yule kijana wa mayai ya kuchemsha yai lake halina tatizo. Limechemka na lina ganda. Tatizo linaanza anapolimenya kwa vidole, kulipasua na kulijaza kachumbari. Pweza aliyechemshwa vizuri hana kosa. Kosa ni bakuli moja la pilipili ambamo watu kumi wanachovya vijiti vilivyokwisha kuingia mdomoni. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni tamu kweli, ila uliza maji ya ile barafu yalitoka wapi. Wengi wanaamini kwamba baridi kali inaua vijidudu. Haiui. Inavilaza tu, na barafu ikiyeyuka vinaamka.

Ndiyo maana nasema: usiogope karai, ogopa kachumbari. Omba chakula kilichotoka motoni, na vile vya kuongezea vikatae, isipokuwa umeona vikikatwa mbele yako na ukaridhika na maji yaliyoviosha. Matunda nunua yenye ganda utakalolimenya mwenyewe: ndizi, chungwa, embe. Kipande cha tikiti kilichofungwa nailoni na kukaa juani tangu asubuhi si tunda salama tena.

Kuhusu ndimu, wazee wetu hawakukosea sana. Bakteria wa kipindupindu hapendi uchachu, na utafiti uliofanyika Guinea-Bissau miaka ya 1990 ulionyesha kwamba waliotia ndimu kwenye mchuzi wa wali walipata kinga wakati wa mlipuko. Kwa hiyo kamulia ndimu upendavyo. Ila isikufanye ukubali maji machafu, kwa sababu si kila kimelea kinaikimbia.

Tazama na saa

Jambo la pili ni muda. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili bila moto wala baridi. Kinapaswa kubaki cha moto, zaidi ya nyuzi joto 60, au kikae kwenye friji chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo bakteria wanazaliana kwa kasi, na joto la Dar es Salaam au Tanga ni uwanja wao wa nyumbani.

Wali ndio unaowashangaza wengi. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa unapoa polepole kwenye sufuria kubwa, mbegu zile huamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali ukatoa mvuke. Kupasha chakula si kukipika upya. Hatari hiyo ipo pia jikoni kwako, kwenye kiporo kilicholala mezani usiku kucha.

Kwa hiyo kwa mama lishe nenda mapema, wakati chakula kinashuka jikoni, na umpende zaidi yule anayeacha sufuria juu ya mkaa kuliko anayepakua kwenye beseni lililofunikwa gazeti. Mishikaki nayo uliza kama imeiva yote. Wapo wanaoichoma nusu mchana na kuimalizia ukiagiza. Nje imekaukia vizuri, ndani bado ina damu.

"Taifodi" ya jana

Mgonjwa akiniambia, "Jana nilikula kwa mama ntilie, leo nimepimwa nina taifodi," najua kuna kitu hakijakaa sawa. Homa ya matumbo kwa kawaida huchukua wiki 1 hadi 3 tangu kimelea kiingie mwilini mpaka uanze kuumwa. Chakula cha jana hakiwezi kukupa taifodi ya leo.

Kutapika ndani ya nusu saa hadi saa 8 baada ya kula mara nyingi ni sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula. Salmonela za kawaida huanza kusumbua kati ya saa 6 na siku kadhaa. Kipindupindu huchukua kati ya saa 12 na siku 5. Unaona basi kwamba mara nyingi unayemlaumu siye. Umemchukia muuza chipsi wa jana, kumbe mkosaji ni maji uliyokunywa kwenye msiba siku tatu zilizopita.

Nina neno pia kuhusu kipimo. Kile kipimo cha damu cha taifodi kilichozoeleka, kiitwacho Widal, huweza kusema "ndiyo" kwa mtu asiyeumwa taifodi, kwa sababu kinasoma kumbukumbu ya mwili ya maambukizi ya zamani au hata ya vimelea vingine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu. Ukiambiwa una taifodi kila baada ya miezi miwili na kila mara unapewa vidonge vikali vya kuua bakteria, muulize daktari wako kama kuna jambo jingine la kutafuta. Una haki ya kuuliza.

Kitimoto na aliyekataa kitimoto

Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kumpa mlaji minyoo aina ya tegu tumboni. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kuna kifafa kinachosababishwa na tegu huyo huyo akiingia kwenye ubongo, na kifafa hicho hakitoki moja kwa moja kwenye nyama. Kinatokana na kumeza mayai ya tegu, ambayo hutoka na kinyesi cha mtu mwenye minyoo na kufika mdomoni mwa mwingine kwa mikono isiyonawiwa, maji machafu au mboga mbichi.

Maana yake ni kwamba mtu ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa hicho kupitia kachumbari iliyokatwa na mtu asiyenawa baada ya kutoka chooni. Basi kitimoto iive mpaka ndani, na mikono ya mpishi inawe kwa sabuni. La pili linatuhusu wote, wanaokula na wasiokula.

Kinachoua polepole

Nimezungumzia vimelea kwa sababu ndivyo vinavyokuleta hospitali usiku. Lakini kati ya wagonjwa wangu wapo ambao chakula cha nje kinawaumiza bila kuwaharisha hata siku moja.

Sahani ya chipsi na soda, mara moja kwa wiki na marafiki, haitakuua. Ikiwa ndiyo mlo wako wa kila jioni, hapo tuongee. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya takribani vijiko 8 hadi 9 vya chai, na kwa mtu mzima inapendeza sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 6 kwa siku nzima. Chumvi ya siku nzima haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai, nayo ile inayonyunyizwa juu ya chipsi inahesabiwa humo. Mafuta yaliyogeuka meusi, yanayotoa povu na moshi, yamekwisha kuchoka. Ukiyaona kwenye karai, sogea banda la pili.

Mgonjwa wa kisukari, nakuomba usidanganyike na mihogo ya kuchoma kwa kuwa ni "chakula cha asili". Mhogo ni wanga, na kipande kikubwa kitapandisha sukari yako kama wali. Kula kidogo, na usikitelemshie na juisi. Wewe wa presha, mwambie muuzaji mapema asikuwekee chumvi. Hatakasirika.

Mezani kwa mama lishe, kwa maoni yangu, ndipo penye nafuu. Ugali au wali, maharage, mchicha na dagaa ni mlo bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei mara tano yake. Omba apunguze wali na aongeze mboga. Tumezoea kuuona mlo ule kuwa wa watu wasio na uwezo, na chipsi kuku kuwa wa waliofanikiwa. Kiafya ni kinyume chake.

Wanaopaswa kuwa wakali zaidi

Wapo ambao nawaomba wasiwe na mzaha hata kidogo. Wajawazito. Watoto wa chini ya miaka 5. Wazee. Wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaotumia dawa za saratani. Na kundi linalosahaulika: wanaotumia kila siku dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazole. Asidi ile ni mlinzi wa mlangoni. Ukiipunguza, vimelea vichache tu vinatosha kukuangusha. Ninyi nyote kuleni kilichoiva kabisa na cha moto, na maji yenu tokeni nayo nyumbani.

Mzazi, kaa na mtoto umfundishe anunue nini getini. Karanga za maganda, muhogo wa moto, ndizi, kashata. Barafu za mifuko aziache, na embe lililomenywa likamwagiwa pilipili na chumvi kwa mkono wa mtu pia aliache. Mtoto wa darasa la pili anaelewa ukimweleza sababu. Ukimkataza tu, atanunua na atakuficha, na siku akiugua utachelewa kujua.

Ikitokea

Tumbo likikorofika, cha kwanza ni maji ya chumvichumvi, ORS. Pakiti nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi, lakini zipo za nusu lita, kwa hiyo soma maelezo kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka 2 hadi 10 mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Pakiti ikikosekana, weka sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usizidishe chumvi.

Mtoto apewe na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na kwa wa chini ya miezi 6 miligramu 10. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Usimpe dawa za kuzuia kuharisha, na usikimbilie duka la dawa kununua metronidazole au ciprofloxacin kwa kubahatisha. Kuharisha kwingi hakuhitaji dawa hizo, na tukizitumia ovyo, siku tutakayozihitaji hazitafanya kazi.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri kesho ikiwa choo ni kama maji ya mchele, kuna damu, kuna homa kali, au anatapika kila anachokunywa. Kwa mtoto tazama macho yaliyodidimia, kulia bila machozi, kulegea, kushindwa kunywa au kunyonya, na ngozi ya tumbo ambayo ukiifinya inachelewa kurudi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya saa chache. Mchanganye ORS, na mkiwa njiani endelea kumnywesha.

Neno kwa wenye mamlaka

Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani na kuendelea kutusumbua hadi 2018. Waliougua walizidi 30,000 na waliokufa walizidi 500. Kipindi kama hicho kikifika, mara nyingi amri inayotangulia ni kufunga vibanda vya chakula. Naelewa sababu zake, na mlipuko ukishawaka hatua kali zinaweza kuhitajika. Lakini mama lishe hakutengeneza kipindupindu. Amepika mahali pasipo na bomba, na choo cha karibu kiko mitaa miwili mbele na kinalipiwa. Ukimfukuza leo, kesho atapikia uchochoroni ambako hata bwana afya hafiki, na wateja watamfuata kwa sababu njaa haisubiri tangazo.

Ninachokiomba ni bomba la maji na choo kinachofanya kazi kila penye vibanda kumi vya chakula, na mafunzo ya usafi yasiyoanza kwa kutishwa na mgambo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kufungua kambi ya kipindupindu.

Na sisi wateja tuna nguvu tusiyoitumia. Muuzaji anasikiliza hela. Wateja watano wakisema, "Dada, pana maji ya kunawa na sabuni?" kesho yake utaikuta ndoo yenye bomba. Tukisema, "Kaka, hela ashike mwenzako," atatafuta msaidizi. Tusiseme kwa dharau. Tuseme kama wateja wanaotaka kurudi kesho.

Wiki hii ukisimama kwenye banda, kabla hujaagiza tazama mambo matatu: maji ya kunawa yako wapi, hela inashikwa na nani, na chakula kinatoka motoni au mezani. Ukiridhika, agiza, vuta benchi, na ule kwa raha zako.